Wapanda Farasi na Neno Langu Moja

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa maneno mengi. Nilipakia magari kwenye ghala moja huku ughaibuni, mtaa wa Washwood Heath, na harusi za Wasomali wenzangu hazikuisha mpaka mimi, Yusuf, nisimame nikariri shairi la baba yangu. Linasimulia habari za wapanda farasi wa ukoo wetu waliowavamia askari wenye bunduki huku wakijua hawatoki hai. Kila aliyekufa ametajwa pamoja na farasi wake. Aliyegeuza farasi hakutajwa. Mkariri kwetu lazima awe na mwitikiaji. Mstari ukiisha anasema "Ehe!", ndipo mkariri aendelee. Wangu ni mke wangu Halima, tangu tulipokuwa Islii, Nairobi.

Mwaka niliougua theluji ilianguka mwezi wa tatu. Nilikuwa nakunywa chai jioni, kikombe kikaniponyoka. Mkono wa kulia ukawa mzito, mdomo ukapinda, mate yakanitoka.

"Baba Ayaan, unaumwa?" Halima akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Likatoka shairi, lote, bila kukosea jina hata moja.

Halima akachukua simu aite ambulensi. Ndugu yangu Abdi, tuliyekuwa tukiishi naye, akamzuia. "Shemeji, wacha hizo. Mgonjwa anaweza kutoa shairi lote hivyo? Ako tired tu. Wacha alale."

Kwetu anayekariri bila kuangusha neno ana akili timamu, basi Halima akamsikiliza Abdi. Asubuhi nilikuwa nimejikojolea, na mguu haunyanyuki.

Hospitalini, kule upande wa Harborne, daktari alisema ni kiharusi. "Mngemleta jana tungejaribu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda," alisema. "Sasa tumechelewa." Abdi alisikia. Akatoka nje, na wodini hakuonekana tena.

Nililishwa uji kwa kijiko. Nilivishwa nepi. Nikiulizwa kama nataka maji, nilijibu farasi. Nikiulizwa jina langu, niliwapeleka wale wapanda farasi mpaka kwenye bunduki, wakafa upya. Nililichukia shairi lile. Mtaalamu wa usemi alimwambia Halima asitarajie mengi.

Siku moja Halima alichoka. Nilikariri mstari, hakusema "Ehe". Nikangoja. Bila yeye sikuweza kuendelea. Akavaa koti, akaelekea mlangoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikausukuma ulimi kwa nguvu zangu zote.

"Rudi."

Neno hilo halimo kwenye shairi. Halima alirudi akaketi, akalia mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Mengine yalifuata polepole, na mengi hayakuja kabisa. Mkono umekufa. Kazi sina, na daktari anasema nimefika nitakapofika. Hata haya mnayosoma nimeyatoa vipande vipande. Halima anaviunga, ananisomea, nami namwitikia, "Ehe."

Alhamdulillahi kwa uhai. Nawashukuru manesi walioniosha bila kukunja uso, na Halima. Nanyi mnaosoma, mdomo wa mtu ukipinda, iteni ambulensi hapo hapo, hata akiwakariria mashairi ya ukoo mzima.

Abdi alihamia Castle Vale. Si mbali. Kila Ijumaa baada ya swala Halima humpigia, akaniwekea simu sikioni. Neno la kumwambia ninalo, lile lile lililomrudisha Halima kutoka mlangoni, liko tayari mdomoni. Simu inaita mpaka inakatika.