Jembe Lililofutwa Kwenye Nembo

Juzi nilipita mbele ya ofisi ya meya, hapa Beni, nikaona nembo ya mji imepakwa rangi upya. Jembe halikurudi.

Siku lilipofutwa nilikuwa mtoto, nimeshika kitenge cha mama. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi, rangi ikinuka petroli, akilifunika jembe taratibu ili achore ghorofa mahali pake. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeshika jembe. Nikauliza kwa sauti: "Mama, ni nani alikufa?"

Mama alinifinya. "Nyamaza, mutoto! Hapana kuita kifo."

Leo najua yule alikuwa anachora maendeleo tu. Lakini kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, mama anasimama barabarani na kuwauliza wanaotoka Eringeti, ambako watu wanauawa usiku mashambani: "Ni nani alikufa?"