Uani kwa Mzee Haruna

Kila alfajiri, kabla ya chai, Mwanaheri hutoka uani na jembe na ndoo ya majivu kufukia vya watu.

Nyumba yao ya Nyamwage iko hatua kumi na mbili kutoka barabara kuu ya Lindi. Si wao walioifuata lami. Lami iliwafuata wao. Babu yake aliisimamisha nyumba hiyo kwa miti na udongo wakati barabara ilikuwa mchanga mtupu, na lori moja likipita watu walitoka kulitazama. Siku hizi malori ya saruji na korosho hupita mchana kutwa, ukuta wa chumba cha mbele hutetemeka, na udongo humwagika kitandani punje kwa punje. Hayo Mwanaheri aliyazoea. Lori huja, likaenda zake. Asichokizoea ni mabasi, kwa sababu mabasi husimama.

Husimama pale kwa kuwa nyuma ya nyumba kuna kichaka. Konda hupaza sauti, "Dakika tano, wa kuchimba dawa achimbe!" Mlango ukifunguka watu hushuka mbio, wanaume wakifungua zipu, wanawake wakikusanya khanga, wote wanaelekea uani kwake. Wengine humwamkia kwanza. "Shikamoo, mama," halafu wanakwenda kuchutama nyuma ya jiko lake. Shikamoo ile humchefua kuliko mkojo.

Jua likipanda, harufu huamka. Huingia ndani, ikakaa kwenye mchele, ikakaa kwenye mtandio wa kuswalia. Nepi za watoto hunata kwenye ua wa minyaa. Chupa za maji hulala majanini zikiwa zimejaa kitu cha njano, na nzi wa kijani hutoka kule moja kwa moja kuja kutua kwenye ukingo wa kikombe. Mwaka wa pili sasa Mwanaheri hali chakula nje.

Na ndani ya kichaka hicho kuna makaburi saba. Ni makaburi ya kizamani, hayana saruji wala kibao, ni matuta tu. Kila mwezi wa Shabani, kabla ya mfungo, ukoo huja kufagia, kuinua udongo uliozama, kusoma Yasini na kula ubwabwa. Mpaka siku hiyo majani ya makaburini hayaguswi. Kuyakata peke yako ni kuwanyang'anya wenzako thawabu. Baba yake, Mzee Haruna, yuko mwisho, chini ya kivumbasi alichokipanda Mwanaheri mwenyewe.

Mwaka huu kaka yake Saadi alipiga simu kutoka Mbagala.

"Nakuja kufagia. Na nitakuwa na neno mbele ya shangazi."

"Neno gani, kaka?"

"Kuna mtu anataka kujenga gesti hapo. Tuuze, Mwanaheri. Mahali penyewe panatia kinyaa. Nikija na wageni nitawakalisha wapi, juu ya mavi?"

"Wageni gani? Tangu arobaini ya baba hujaja hata wewe."

"Shangazi akiridhia, tumeuza." Akakata.

Shangazi Tatu, dada wa marehemu, ndiye pekee aliyebaki wa rika lile, na neno lake ndilo la mwisho. Mwanaheri alimjua: hatatazama ukuta wala bati, atanusa. Uani ukinuka siku ile, nyumba imekwenda, na yeye, mjane wa miaka hamsini na sita, atakwenda kupanga chumba Kibiti.

Siku tatu alifukia, akachoma, akaziba upenyo kwa matawi ya miiba. Basi la konda Amri liliposimama alimfuata mlangoni.

"Amri mwanangu, sogeza basi mbele. Huko kuna pori tele."

"Mama, porini kuna nyoka."

"Na hapa kuna baba yangu."

"Baba yako hang'ati, mama."

Abiria walicheka madirishani. Mwanaheri alihisi mate yakimjaa mdomoni, akayatema chini, akarudi ndani.

Siku ya kufagia shangazi alifika mapema na bajaji kutoka Ikwiriri. Alikaa barazani, akainua pua.

"Mbona hapanuki? Saadi kaniambia hapakaliki."

"Karibu, shangazi," alisema Mwanaheri, akarudi nyuma kumalizia kuosha kambale wa kitoweo.

Honi ikalia barabarani. Alipoinua uso, tawi moja la miiba lilikwisha kuvutwa pembeni, na katikati ya majani marefu, kando ya kivumbasi, mwanamume alikuwa amechutama, mgongo kwake, kanzu imekunjwa hadi kiunoni. Mwanaheri aliinua beseni, damu na utelezi na matumbo ya kambale, akalimimina lote mgongoni kwa mtu yule.

Mtu aliruka, akakanyaga kanzu yake, akaanguka palepale alipokuwa akijisaidia.

"Mwendawazimu we!" Akageuka. Alikuwa Saadi. Utumbo wa samaki ulining'inia begani.

"Ni mimi, Mwanaheri!"

"Nimekuona."

"Nimebanwa tangu tulipopita Jaribu! Nina sukari mimi! Na hapa si kwetu?"

"Choo kipo, na unajua kilipo. Baba je, unajua alipo?"

Siku ya maziko Saadi alikuwa Mtwara. Siku ya arobaini alikaa barazani na simu yake. Alitazama huku na huku, akanyoosha kidole upande wa mnazi. "Pale."

"Pale ni babu."

Mwanaheri hakuonyesha kitu. Alikitazama kivumbasi tu. Saadi akafuata macho yake, taratibu, mpaka yakafika kwenye udongo uliolowa, katikati ya miguu yake.

"Mzee, begi lako hilo!" Amri alipiga kelele kutoka barabarani, akalitupa kando ya lami. Basi likaondoka na vicheko vyake.

Shangazi alikuwa amekuja na mkongojo wake. Alimtazama mtoto wa kaka yake juu mpaka chini, akaziba pua kwa pindo la khanga.

"Saadi. Nasikia una neno."

"Sina, shangazi. Naomba sabuni."

Mwanaheri aliingia ndani. Sabuni ya kuogea ilikuwapo, mpya, ndani ya karatasi yake. Aliiacha. Alitoka na kipande cha sabuni ya kufulia, na jembe.

"Anza na udongo," alisema. "Mwili baadaye."

Saadi akashika jembe. Shangazi alivuta mkeka, akautandika upande unakotoka upepo, akafungua Yasini.