Skrubu ya Pili ya Kemilembe

Shughuli nzima ilikula shilingi elfu kumi na tano. Skrubu moja elfu sita, nauli ya basi kwenda na kurudi elfu nne, samaki elfu tano. Nimezihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jumla ni ileile. Samaki aliingiaje kwenye hesabu ya skrubu, mwanangu, ndilo ninalotaka kukueleza, na sijivunii hata kidogo.

Asubuhi ile bado ninayo kichwani, ingawa ni miaka ishirini na tatu sasa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, nimesimama kando ya barabara pale Kimwani nikisubiri basi la Bukoba, begani nina mfuko wa salfeti, na ndani ya mfuko kuna mguu wa dada yangu. Nasema mguu kwa sababu ndivyo tulivyokiita nyumbani. Kilikuwa chuma cha kumsaidia kutembea. Kemilembe aliugua polio akiwa mdogo, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba na hauna nguvu. Kwa hiyo alivaa vyuma viwili, kimoja kila upande wa mguu, kuanzia pajani hadi kwenye kiatu, vikashikwa na mikanda ya ngozi. Kwenye goti kila chuma kilikuwa na kiungo cha kukunja, na kila kiungo kilishikwa na skrubu moja. Skrubu mbili, basi. Ya nje ilikuwa imekatika.

Kemilembe alikuwa fundi cherehani. Alikodi kibaraza pale kituo cha basi, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba, na kila siku alikwenda na kurudi kwa huo mguu wake wa chuma. Alikuwa na wateja wanaomsubiri, sare za shule zimelundikana. Siku ile alinihesabia shilingi elfu kumi na nane mkononi akaniambia, "Kaka, iliyokatika ni moja, lakini na hii ya ndani inacheza. Nikisimama naisikia. Wabadilishe zote mbili, waitu, nakuomba."

"Zote mbili," nikamjibu. "Na chenji nitakurudishia."

Alicheka. Alinijua. Mimi ndiye niliyetumwa kila mahali penye bei. Mama alikuwa akisema kwamba hata shetani angeniuzia kwa hasara, na mimi nililichukua neno hilo kama cheti cha shule.

Bukoba nilizunguka sana. Skrubu ile haikuwa ya kawaida. Kichwa chake kilikuwa bapa, kiuno kinene na laini, halafu meno machache nchani tu. Skrubu za dukani zina meno toka juu hadi chini, na ukiiweka ya namna hiyo kwenye kiungo, meno yake yatakula chuma kila unapokunja goti. Hilo nililielewa mwenyewe. Ujinga sikuwa nao, na ndiyo maana sina pa kujificha. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye duka alinimwagia kopo zima la skrubu juu ya meza. "Chagua, bwana. Ukiikosa humu, ujue bado haijazaliwa." Nilichambua saa nzima. Haikuwa imezaliwa. Fundi baiskeli pale sokoni akaigeuzageuza ile iliyokatika akauliza kama nimeiiba kwenye ndege. Fundi mmoja wa kutengeneza cherehani ndiye aliyenionea huruma. Akasema, "Hiyo hainunuliwi, inatengenezwa. Panda huko njia ya Buhembe, umuulize Ta Rwegoshora, mzee anayekereza vyuma vya mashine za kahawa."

Ta Rwegoshora alikuwa mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alitoa mguu wa Kemilembe kwenye mfuko taratibu, kama anayepokea mtoto, akaulaza mezani.

"Iliyokatika ni hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya pili nzima."

"Nimeuliza iko wapi, kijana. Sijauliza afya yake."

Nikamwonyesha. Akaifungua, akaifuta mafuta kwa kitambaa, akanipa. "Pitisha ukucha hapo kiunoni."

Nikapitisha. Ukucha ulikwama. Kulikuwa na mfereji mdogo, mwembamba kama unywele, umezunguka kiuno cha ile skrubu pande zote. Mwanangu, nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Ulikwama, na mimi nilijua kwamba umekwama.

"Mbona laini tu," nikasema.

Mzee akaniangalia juu ya miwani. Akataja bei: zote mbili elfu kumi na mbili, kwa chuma kigumu, si nondo. Moja peke yake elfu saba, kwa sababu mashine akiiwasha kwa moja au kwa mbili ni kuiwasha tu. Nikamwambia elfu kumi na mbili anauza skrubu au anauza mashine? Nikataja elfu nane kwa zote. Akatikisa kichwa. Nikataja elfu tisa. Akaanza kusafisha kucha zake kwa kipande cha waya.

Basi nikafanya kile ambacho kila mtu wa sokoni anakifanya. Nikageuka nikaondoka. Unajua mwendo ule: taratibu, bila kutazama nyuma, sikio limebaki dukani likisubiri kuitwa. Nilifika mpaka kwenye mfereji wa barabara. Hakuna aliyeniita. Nilisikia mashine ikiwaka, anaendelea na kazi ya mtu mwingine. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mguu wa dada yangu nimeuacha mezani kwake.

Nikarudi.

"Umerudi," akasema.

"Nimefuata mfuko wangu."

Alicheka kidogo, kisha akazima mashine. Nadhani aliona ninavyoona aibu, na alitaka kunitoa humo. Akasema, "Sikiliza. Kama pesa haitoshi, nitakutengenezea zote mbili sasa hivi. Unachokosa utaniletea siku nyingine ukija mjini. Mwenye mguu asitembee na hii ya zamani. Imefanya kazi ya mbili tangu mwenzake alegee."

Pesa ilitosha, mwanangu. Ilikuwa mfukoni mwangu, na baada ya nauli na skrubu zote mbili zingebaki elfu mbili za chenji. Lakini mimi nilikuwa na sheria yangu ya sokoni: muuzaji anayekubali kukopesha, bei yake ina hewa ndani. Mzee ananihurumia, mimi nasikia udhaifu. Nikajiambia, hapa nimempata. Nikamwambia atengeneze moja tu, na kwa elfu sita. Akakubali, nadhani kwa kuchoka.

Niliketi nje nikimsubiri. Aliipima ile ya zamani mara nne. Aliikereza mpya, akaijaribu kwenye kiungo, akaitoa, akaisugua, akaijaribu tena mpaka goti likakunjika bila sauti. Ile ya ndani, iliyoliwa, akairudisha mahali pake kwa sababu mimi ndiye niliyeamua. Aliponikabidhi mfuko aliushika bado, hakuuachia.

"Umwambie mwenye mguu kwamba nimeweka moja. Umwambie kwa mdomo wako. Yeye ndiye anayeukanyagia, ajue anakanyaga nini."

"Nitamwambia, mzee."

Akauachia.

Mfukoni nikahesabu. Nilikuwa na elfu kumi, ukitoa elfu mbili za nauli ya kurudi, zinabaki nane. Kurudi nyumbani na elfu nane za chenji kungeleta maswali. Nikashuka ziwani nikanunua sangara mzima, mkubwa, mkia umetokeza nje ya gazeti, kwa elfu tano. Nikafika jioni nimembeba kama kombe la mpira.

"Mawe!" Mama alipiga kelele ya mshangao mlangoni, kwa Kihaya chetu. "Skrubu mbili na samaki juu?"

"Na chenji elfu tatu," nikasema, nikazipanga mbele ya Kemilembe.

Kemilembe alikuwa tayari amefunga mikanda. Akasimama, akatembea kutoka jikoni hadi mlangoni, akarudi. Goti halikulia. "Zote mbili kwa bei hiyo, Kaka?"

Swali lilikuwa limenyooka, na jibu lake lilikuwa neno moja. Wote walikuwa wananiangalia, Mama kisu mkononi, samaki mezani.

"Zote mbili," nikasema.

Tulikula vizuri sana. Ndizi, samaki, mchuzi mwingi. Nilisifiwa mpaka nikaona haya kidogo, lakini haya ile sikuitumia kwa lolote.

Wiki ya saba ilinyesha mvua. Kemilembe alikuwa anateremka kwenda kituoni, furushi la sare begani, skrubu ya ndani ikakatika. Alianguka na mguu umejipinda ndani ya vyuma, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali alikaa muda mrefu. Siku ya pili nilipewa vile vyuma nivipeleke nyumbani. Nikaviangalia peke yangu. Skrubu ya Ta Rwegoshora ilikuwa inang'aa mahali pake, haijasogea hata unywele. Ya zamani ilikuwa imekatika palepale kwenye mfereji, pale ukucha wangu ulipokwama. Nikavikusanya vipande vyake viwili nikavitupa chooni.

Niliporudi wodini, Kemilembe alikuwa anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili. "Fundi wa Bukoba ametuuzia chuma cha uji. Skrubu mpya kabisa! Wiki saba!" Akanigeukia. "Si ndiyo, Kaka?"

Nikasema ndiyo.

Kutoka hapo habari ilitembea yenyewe. Pale kwetu mtu akitaka kukerezewa kipande cha mashine ya kahawa, aliambiwa asimpelekee yule mzee wa njia ya Buhembe, anauza vyuma vya uji. Yeye hakujua kwa nini wateja wa upande wetu wamekauka. Nilikutana naye mara moja tu, miaka baadaye, mjini. Alinikumbuka mimi kabla sijamkumbuka yeye.

"Mwenye mguu ulimwambia?"

"Nilimwambia, mzee."

"Akasemaje?"

"Alishukuru."

"Vizuri," akasema, akanipa mkono. Amekwishafariki. Sikwenda kwenye mazishi. Nilijipa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa uongo.

Mfupa wa Kemilembe uliunga. Madaktari walisema mguu unaweza kuvaa chuma tena. Yeye akakataa. Tangu hapo ametembea kwa magongo. Kibaraza cha kituoni alikiacha, cherehani ikahamia nyumbani, na ni wateja wangapi wataingia katikati ya migomba kutafuta fundi? Walibaki majirani, nao wanalipa kwa mkungu wa ndizi au kwa ahadi.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kupima viungo Muleba mjini. Nikampeleka. Mabega yake yamechoka. Miaka ishirini na tatu ya magongo imeyamaliza, mkono wa kulia haupandi tena hadi kichwani. Kijana mmoja mwenye adabu akampima akasema, "Mama, tukikutengenezea chuma kipya, mabega yatapumzika. Utatembea mpaka barabarani." Kemilembe akamjibu kwa upole, "Mwanangu, skrubu mpya mbili zilinivunja mguu kwa wiki saba. Hivi vyuma vya mafundi nimevijua." Akachukua magongo yake. Kijana akaniangalia mimi, akitumaini kwamba nitasema neno. Nilikuwa nalo neno. Nilimfungulia dada mlango tukatoka.

Sasa unaona gharama ilipo. Dada yangu anaogopa kitu kipya, wakati kilichomvunja ni cha zamani. Mtu pekee duniani anayejua hivyo ni mimi, na nimekaa nacho kama chenji iliyozidi.

Mwanangu, kupatana bei si dhambi, nami sitakuambia uache. Patana nyanya, patana nauli, patana hata mahari kama wazee watakuruhusu. Lakini kitu ambacho mtu mwingine atakiegemea kwa mwili wake, usikipunguze ili wewe uonekane mjanja. Ukitumwa viwili, leta viwili, au rudi useme umeleta kimoja. Fundi akikuambia "mwambie mwenyewe", mwambie mwenyewe siku ileile, kabla sufuria haijaondoka motoni, kwa sababu siku ile neno lile huwa dogo. Langu lingekuwa la kununiwa wiki moja. Na ukiona jina la mtu linachafuka kwa kosa lako, usisubiri mpaka nafasi ya kumsafisha ikupite.

Mungu akujalie mikono minyoofu na ulimi usiochelewa. Akupe watu wa kukutuma wakiwa na imani, na akupe uwezo wa kuwarudia ukiwa huna la kuwaficha.

Jumamosi nakwenda Kimwani kumwambia Kemilembe. Wale watu wa kupima bado wako Muleba hadi mwisho wa mwezi, muda upo. Nimekaa na maneno haya siku tatu na sijapata la kuanzia. Nikianza na Ta Rwegoshora, atadhani namtetea marehemu. Nikianza na ukucha, sijui kama atanisubiri nimalize. Wewe ni kijana, hujazoea kuficha kama mimi. Niambie, mwanangu: ungekuwa wewe umekaa mbele yake, neno la kwanza ungesema lipi?