Ordinateri Iliyozikwa Rwambuzi

Vita vilipotulia kidogo, watu walirudi Bunia na kuanza kufukua. Wakati wa kukimbia, karibu kila nyumba ilikuwa imezika kitu: sufuria, cherehani, mabati, redio. Wengi walizika chini ya mihogo, lakini waporaji walijifunza upesi kuchoma udongo kwa chuma kirefu na kusikiliza. Waliofikiri zaidi walichimba choo kipya, wakashusha mali ndani ya shimo ambalo halijatumika, wakalifunika kwa magogo na udongo, na juu yake wakasimamisha kibanda cha matete kama kawaida. Hakuna mtu wa bunduki aliyependa kuchunguza choo. Waliiba mlango, wakaenda zao.

Mimi sikuwa na kitu cha kuzika. Niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari na tangu hapo nilikuwa natembea tu. Butembo nilikaa na fundi wa redio, Iga Barrière nilipakua malori, halafu nikaenda machimboni kuosha mchanga wa watu wengine. Kila mahali niliondoka siku nilipoona kazi nimeshaielewa. Nilirudi Bunia kwa sababu nilisikia kwamba vitu vinavyotoka ardhini haviwaki, na nilitaka kuona vimekuwaje ndani.

Ndivyo nilivyofika kwa mama mmoja wa mtaa wa Rwambuzi. Alikuwa mjane. Katika chumba cha mbele cha nyumba yake alikuwa na sekretaria, yaani alichapia watu barua, kadi za arusi na kazi za wanafunzi, kwa ordinateri, kompyuta ambayo marehemu mume wake aliinunua Kampala, ikiwa tayari imezeeka. Alipokimbilia Beni, nyumba aliiacha kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchimba dhahabu aliyekuwa amefukuzwa na vita huko machimboni. Shemeji ndiye aliyeizika mashine katika shimo la choo, na ndiye aliyeitoa kabla mama hajarudi. Sasa mama alikuwa amerudi, mashine ilikuwa mezani, na kila ilipowashwa kioo kilibaki cheusi.

Nilidhani nimeitwa kutengeneza. Mama alinirekebisha kabla sijakaa.

"Fundi, usiniambie kwanza kama itapona. Fungua, uangalie kama kitu kimetolewa. Watu wanasema mu ordinateri muko dhahabu. Na huyu shemeji yangu, tangu azaliwe anachimba. Alikosa kilima, akachimba mashine yangu."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, mtu mwembamba mwenye mabega makubwa.

"Shemeji, kama dhahabu ingekuwa mule, hao wazungu wangetuletea ordinateri siye?" alisema. "Wangebaki nazo kwao."

"Nyamaza. Utasema fundi akimaliza."

"Sikuigusa. Naapa kwa kaburi ya mukubwa yangu, tangu nilipoitoa mu shimo sikuigusa."

"Kama aliiba, leo hii anatoka hapa," mama aliniambia, bila kupandisha sauti. "Siwezi kulala na mwizi."

Kutoka maana yake ilikuwa wazi kwetu sote watatu. Shemeji hakuwa na nyumba nyingine mjini, na kwenye barabara ya kurudi machimboni palikuwa na vizuizi ambapo vijana wenye silaha waliuliza mtu kabila lake kabla ya jina lake. Mtu wa kabila lake hakupita pale. Majirani nao walikuwa wameshaisikia habari ya wizi. Niliona, nilipokuwa nangojea mlango ufunguliwe, jinsi shemeji alivyofika kwa kupitia nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na kusafisha miguu kwenye nyasi.

Sikuipenda nafasi niliyopewa. Nilikuja kuangalia mashine, na hapo mashine ilikuwa imefanywa shahidi.

Jenereta ilikuwa inaunguruma uani. Nilibonyeza. Taa ya kijani iliwaka, feni ya ndani ikazunguka, na kioo kikabaki cheusi. Fundi wa Butembo alikuwa na desturi moja niliyoichukua: kabla ya kufungua kitu, kitenganishe vipande viwili na uulize kila kipande peke yake. Nikachomoa waya wa kioo kutoka kwenye mashine. Mara kwenye kioo kikatokea kisanduku chenye rangi, kikisema kwamba hakuna kinachokuja.

"Imepona!" shemeji akasema, akainuka.

"Bado. Kioo tu ndicho kizima. Mgonjwa ni huyu mwingine."

Akakaa tena.

Niliurudisha waya, nikazima, nikawasha, na safari hii nikaweka sikio kwenye bati la mashine. Chini ya kelele ya feni mashine ilikuwa inalia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Mama alisema ililia hivyo tangu mwanzo, alidhani ni jenereta. Mimi sikujua lugha ya milio hiyo, lakini nilielewa kwamba mashine inayoweza kulalamika haijafa. Kuna kitu inakitafuta na haikioni.

Nilipoifungua, hewa ya udongo ilitoka. Turubai aliyoifungia shemeji shimoni ilizuia maji lakini haikuzuia unyevu, na vyuma vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Nilivikagua vipande kimoja kimoja na kumtajia mama nilivyovijua. Hakuna tundu lililokuwa tupu, hakuna waya uliokatwa. Mwishoni nilichomoa vibao viwili vyembamba vinavyoitwa bareti, ambavyo mashine hutumia kukumbuka inachokifanya. Ukingo wa bareti una meno madogo yaliyopakwa dhahabu. Bareti ya kwanza ilikuwa na meno yenye ukungu tu. Ya pili meno yake yalikuwa ya kijani, na ngozi ya dhahabu ilikuwa imebanduka na kukunjamana.

Ule ukijani niliujua. Wanunuzi wa dhahabu kule machimboni hudondosha asidi juu ya wanachouziwa ili wajue kama ni dhahabu au shaba, na dhahabu chafu huioshea humo mpaka ing'ae. Dhahabu haipati kitu. Shaba, kama ile iliyo chini ya dhahabu ya meno hayo, huliwa na kuacha kijani. Niligeuka nikatazama mikono ya shemeji. Ncha za vidole viwili zilikuwa za manjano, ya namna ambayo sabuni haiitoi.

Ningeweza kusema ni unyevu. Mama angeniamini, maana hata unyevu ulikuwepo. Lakini kama angesikia siku nyingine kutoka kwa fundi mwingine, shemeji angekuwa mwizi bila mtu wa kumtetea. Nikaona afadhali aulizwe sasa, akiwa bado anaweza kujibu.

"Kaka," nikamwambia, "asidi ulitoa wapi?"

Alitazama nje. Jenereta ilikohoa, ikaendelea.

"Ilibaki mu chupa," alisema. "Ya kazi."

"Bongo! Uongo mtupu!" Mama alisimama. "Weye uliapa! Kwa kaburi!"

"Niliapa sikuiba."

"Uliapa hukugusa!"

"Shemeji, ngoja. Nilitoa mashine, nikaifungua ipate hewa. Nikaona yale meno yamechafuka, yameweka weupe. Dhahabu ikichafuka, siye tunaosha. Njo kazi yetu. Nikasema, hii kitu mukubwa yangu aliinunua, shemeji akirudi aikute inang'aa. Nikaosha moja. Ikaanza kutoa moshi."

"Ikatoa moshi. Na weye?"

"Nikarudisha, nikafunga."

"Alifunga!" mama aliniambia mimi, kana kwamba mtu huyo hayuko chumbani. "Moshi inatoka, yeye anafunga!"

"Nilifunga mbio," alisema shemeji.

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami.

Mama alikaa, akaninyooshea mkono. Nikamwekea bareti juu ya karatasi nyeupe na kukwangua kwa ukucha. Dhahabu ilianguka vipande vipande, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilimwonyesha kila jino na kipande chake. Yote ilikuwepo, imebanduka tu, na mtu aliyeitaka angeipuliza kwenye kiganja akaondoka nayo. Mama aliisogelea, na pumzi yake ikarusha nusu yake mezani.

"Ni hii tu?" aliuliza. "Hii njo inafanya watu wanapasua ordinateri?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Hata mulango ya choo haitanunua."

Bareti iliyolambwa na asidi niliiweka kando. Ile nyingine niliisugua meno kwa gomu, ile ya kufutia penseli ya wanafunzi, mpaka ukungu ukatoka na manjano yakaonekana, nikapuliza vumbi la gomu, nikaisukuma kwenye tundu mpaka ikalia tak. Nikabonyeza. Mlio mmoja, mfupi. Halafu herufi nyeupe zilianza kupanda kwenye kioo.

Niliwaambia kwamba kumbukumbu imebaki nusu, itakwenda polepole. Mama hakunisikiliza. Alivuta kiti, akangoja mpaka mashine ikamaliza kujipanga, akaanza kufungua kazi zake moja baada ya nyingine. Kwenye moja alisimama. Ilikuwa kadi ya arusi, imeandikwa mpaka katikati.

"Hawa," aliuliza bila kugeuka, "walioana?"

"Walioana," shemeji alijibu. "Bila kadi."

Mama aliendelea kusoma. Shemeji alibaki ameinamia magoti yake, na mimi nilifunga bati la mashine taratibu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilitaka kujua itakwishaje. Uani jenereta ilianza kukosa pumzi. Mafuta yalikuwa yanakwisha.

"Shemeji," mama alisema, akiwa bado anatazama kioo. "Chukua bidoni nyuma ya mulango, uende kutafuta mafuta."

Shemeji aliichukua na kuelekea mlango wa nyuma, uelekeo wa migomba.

"Unaenda wapi huko? Pita barabarani." Sasa aligeuka. "Majirani wakikuuliza, useme ni mafuta ya ordinateri ya shemeji yako. Na useme yote. Na ile ya asidi pia, wacheke."

Aligeuka na dumu lake tupu mkononi. Halafu alipita mbele yangu, akatokea mlango wa mbele. Kupitia dirishani nilimwona akisalimia uani kwa jirani wa kwanza. Sikusikia alichosema. Baadaye kidogo mwanamke aliyekuwa anatwanga pale aliacha mchi, akashika kiuno, akacheka kwa sauti kubwa, na shemeji akaendelea na njia, katikati ya barabara.