Mahali pa Kutua
Mume wangu alianza kulitamani gari linalopaa mwaka ule mvua zilipoiharibu barabara ya Kimbiji. Sisi tunakaa Kawe, mama yake anakaa Kimbiji peke yake, na Jumapili tulikuwa tunavuka mji mzima kwenda kumjulia hali. Siku moja tulizama kwenye tope. Akazima injini, na badala ya kulalamika akatoa simu, akanionyesha video: gari dogo jeupe, huko nchi za watu, linainuka taratibu kama karatasi iliyochukuliwa na upepo.

"Mie hii nitainunua," akasema. Hakucheka, nami sikucheka.

Toka hapo tukawa tunaruka kwa maneno. Kwenye foleni ya Mikocheni aliniuliza tupite juu ya bahari au juu ya mapaa ya nyumba. Nilichagua mapaa. Nilitaka kuona matangi ya maji, nguo zilizoanikwa, nyua za watu ambao sitawajua kamwe. Alisimulia kwa sauti ya chini, na mie nikawa najiona naelea, kama mtu aliye kwenye bembea. Wakati mwingine foleni ilifunguka na tukabaki tumesimama, mpaka wa nyuma wapige honi.

Jumapili moja akamweleza mama yake. Mama alikuwa anamenya mihogo.

"Hiyo gari, ikitaka kushuka, inahitaji nafasi kiasi gani?"

"Kama ua huu mara mbili, mama."

Mama akaendelea kumenya.

Safari iliyofuata tulikuta kipande cha shamba nyuma ya nyumba kiko wazi. Mihogo imeng'olewa, visiki vimetolewa, na mchanga umefagiliwa hata mistari ya ufagio inaonekana.

"Mama, unajenga?" nikauliza.

"Hapo mtatua nyie."

Mume wangu alikwenda akasimama katikati ya ule uwanja, mikono nyuma. Aliporudi alisema polepole, "Mama, zile gari huku hazijafika. Na zikifika, sie siyo watu wa kuzipata."

"Mihogo ilishakomaa, baba. Ningeing'oa tu."

Mama alipoingia jikoni nilimfuata. Nikamuuliza kama na yeye angependa kupanda, aione Kimbiji kutoka juu.

"Mie? Kichwa kitanizunguka, mwanangu." Alipuliza moto, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nyie mkija, chai haijapoa mnaanza kutazama jua. Barabara mbaya, barabara mbaya. Nikasema, ya juu haina mashimo. Mtakaa mpaka tule wote chakula cha jioni."

Nilitoka nikamweleza mume wangu yale maneno vilevile kama yalivyosemwa. Akavua viatu, akaviweka ndani mlangoni, kama mtu aliyefika kwao.

Hatukuondoka. Giza lilipoanza kuingia tulitandika mkeka kwenye ule mchanga, tukala wali na samaki wa nazi. Baada ya kula mume wangu, na mvi zake zile za kidevuni, alijilaza karibu na magoti ya mama yake, akaanza kutuelekeza: tutaingia kwa upande wa baharini, tutapunguza mwendo juu ya minazi, mama ataona kwanza taa mbili.

"Mlango unafungukia wapi?" mama akauliza.

"Upande wako, mama."

"Basi mkeo atangulie kushuka, asije akachafua gauni."

Nilifumba macho. Nilisikia minazi ikipita chini yetu, na mchanga ukikaribia, na mtu chini akisema karibuni.

Jumatatu wote wawili tulichelewa kazini. Siku hizi tunakwenda Jumamosi, na tunalala hukohuko.