Nilivyomsifu Mwosha Maiti

Wenzangu wa rika langu wakikutana matangani au harusini hawachoki kusema kwamba enzi zetu watu walikuwa na maneno matamu. Mimi hubisha. Pale Junda, miaka michache kabla ya Uhuru, tulikuwa na mabuyu yaliyotutia ulimi mwekundu, mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi, na mdako tuliocheza mpaka vidole vikachubuka. Adabu ilikuwapo tele. Ukiitwa, ulisema "abee" ukiwa umeshasimama. Lakini sifa? Ukileta ripoti nzuri ya shule, baba aliitazama, akasema "haya," akakurudishia. Mtoto akisifiwa ataota pembe, au atapatwa na kijicho. Na mtoto kumsifu mkubwa, huo ulikuwa ufidhuli.

Nilikuwa na miaka kumi nyanya yangu alipofariki. Aliyeitwa kumwosha alikuwa Bi Rehema, mjane aliyekaa peke yake karibu na kisima. Watu walimwamkia kwa heshima, kisha wakapita upande wa pili wa njia. Sisi watoto tulimkimbia kabisa, kwani tuliambiwa mikono yake ina baridi ya kaburini.

Siku ile mimi ndiye niliyechota maji na kuyafikisha penye pazia. Pazia lilikuwa na mwanya, nami nikachungulia. Nilimwona Bi Rehema akijimwagia maji kwanza kwenye kiganja, kupima kama yana uvuguvugu, ndipo akammwagia nyanya. Na alikuwa akisema naye.

"Nipe mkono, dadangu. Ndio huo. Sasa tutageuka kidogo, wala hatuna haraka."

Tangu alfajiri nilikuwa nikimwogopa nyanya. Nilipoyasikia maneno yale, akawa nyanya yangu tena.

Baadaye wanawake walipokaa uani, nilimwendea Bi Rehema, nikamwambia mbele ya wote, "Bi Rehema, umemwosha nyanya vizuri. Umesema naye kama yuwasikia."

Shangazi Zena, dadake baba tuliyekaa naye nyumba moja, alinifinya mkono mpaka nikaruka. "Mtoto huyu ana wazimu! Mwosha hasifiwi. Wamwita arudi kwetu kuosha mwingine?"

Bi Rehema alijifunga leso yake, akaondoka.

Matanga yalipoondolewa, Shangazi alinituma nikaombe radhi. Nilimkuta Bi Rehema mlangoni akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Shangazi amenituma nikuombe radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukusifu. Lakini siombi, Bi Rehema. Sikusema uongo."

Aliweka ungo chini. Akasema, "Naosha watu tangu sijawa na mvi. Hunipa sabuni iliyobaki, hunipa leso za marehemu. Neno hilo, mwanangu, sijapewa na mtu."

Nilirudi nyumbani nikasema wazi kwamba sikuomba. Shangazi, ambaye ndiye aliyenisuka kila Ijumaa, akajibu, "Basi kichwa hicho sikigusi mpaka uombe."

Wiki mbili nilikwenda shule na nywele kama kumbi la nazi. Wasichana walinicheka, mwalimu akanitoa kwenye mstari. Sikuomba. Siku moja Bi Rehema aliniona kisimani, akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akacheka! Sikuwahi kumwona akicheka. "Njoo ukae hapa," akasema, akaleta kitana na mafuta ya nazi.

Sitajitia ushujaa. Vidole vyake viliponigusa kisogoni nilifumba macho. Lakini vilikuwa na joto kama vya mtu yeyote. Alinisuka taratibu, na alipomaliza nikapita katikati ya Junda kichwa wazi, makusudi. Mama mmoja barazani aliuliza nani kanisuka. "Bi Rehema!" nikajibu kwa sauti. "Hodari, si hodari?"

Nyumbani Shangazi alinishika kichwa, akakigeuza kwenye mwanga. Nilingoja kofi. Alifuata mstari mmoja kwa kidole, toka kwenye paji la uso hadi kisogoni. "Mistari imenyooka," akasema, kwa taabu ya mtu anayeng'olewa jino. Kesho yake alimpelekea Bi Rehema sahani ya mahamri. Sijui walizungumza nini, ila hakurudi mpaka adhuhuri.

Bi Rehema alifariki bendera mpya ilipokuwa imeshapanda. Matangani watu walimsifu kwa zamu, hata wale waliokuwa wakivuka njia. Nilikuwa msichana mkubwa, nikaona aibu kwa niaba yao.

Sasa kisima kimefukiwa, pamejengwa gorofa. Wajukuu wangu kutwa kwenye simu wanawatumia vidole gumba na mioyo myekundu watu wa Ulaya wasiowajua, na mama yao aliyewapikia wali wa nazi huambulia mbweu. Mtu akifa ndipo humwandikia maneno marefu chini ya picha yake. Kwa hilo hawajatuzidi wala hatujawazidi.

Mimi nimekataa kungoja mtu afe. Juzi muuguzi alinidunga sindano nisihisi kitu, nikasimama pale pale, foleni nyuma yangu, nimsifu. Mjukuu wangu alinivuta buibui. "Nyanya, twende, watu wanatutazama."

"Na watazame," nikamwambia. "Siondoki mpaka asikie."