Joto la Kitanda cha Mwanaidi

Kule Kondoa tuliamshwa na harufu ya moshi wa kuni, lakini katika nyumba ya Mama Mkubwa Zainabu, dada wa mama yangu, moshi niliounusa mchana kutwa ulikuwa wa majirani. Nilipelekwa kwake kiangazi kimoja mama yangu alipojifungua. Asubuhi Mama Mkubwa aliwasha mabua machache ya mtama na vijiti vilivyokatwa uani, akainjika chungu cha makande, na mara kilipotokota vizuri alinituma kisimani. Niliporudi moto ulikuwa umezimwa, mafiga yamepoa, na chungu hakionekani. Kuanzia hapo nyumba ile ya tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, ilibaki kimya kama ghala tupu. Hata hivyo, jua lilipoanza kuinamia vilima, tulikula makande ya moto, laini, yanayopondeka kwa ulimi. Sikuwahi kumwona aliyeyapika.

Kulikuwa na chumba kimoja ambacho sikuingia. Kilikuwa cha Mwanaidi, binti pekee wa Mama Mkubwa, ambaye mwaka uliotangulia alivuka korongo na wenzake kutafuta kuni. Vilima vya upande wetu vilikuwa vimekatwa miti hadi vikabaki vyekundu, vitupu, na kila masika maji yalizidi kuyachimba makorongo. Ukingo uliporomoka juu yake. Baada ya maziko Mama Mkubwa aliapa kwamba kuni za ng'ambo hazitaingia tena nyumbani mwake, wala mtoto wa nyumba yake hatazifuata. Mchana mmoja nilipita mbele ya pazia la chumba kile nikasikia mguno mdogo, kama wa mtu anayejigeuza usingizini. Nilichungulia. Kitandani, chini ya khanga ya Mwanaidi, palikuwa na umbo lililojikunja.

"Mama Mkubwa, mle ndani kuna nani?"

"Chakula kimelala, mwanangu. Usikiamshe." Hakutabasamu.

Desturi ya kijiji ilikuwa kwamba nyumba isiyotoa moshi adhuhuri ina mgonjwa au msiba, na jirani ni lazima aende kubisha hodi. Bi Hadija, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuja mara nyingi zaidi.

"Hodi! Zainabu, wazima humo? Hatuoni moshi wako."

"Tu wazima, karibu. Tunangoja makande."

"Makande gani hayo bila moto, mwenzangu? Au umeajiri mpishi asiyeonekana?"

Mwanzoni walicheka wote wawili. Kisha Bi Hadija akaacha kucheka, na sahani za chakula zilizokuwa zikipelekwa nyumba hadi nyumba zikaanza kuiruka nyumba yetu. Kisimani wanawake waliteremsha sauti nilipofika, lakini nilisikia: Zainabu anapikiwa na marehemu. Wakakubaliana nirudishwe kwa baba yangu kabla sijadhurika. Niliogopa kubaki, na niliogopa zaidi kuondoka, kwa maana nilijua kwamba nikichukuliwa kwa sababu hiyo hakuna mtoto atakayetumwa tena kwake, naye atabaki peke yake na kitanda kile.

Walikuja alasiri, Bi Hadija na wenzake wawili, Mama Mkubwa akiwa amekwenda kuteka maji. Bi Hadija aliingia kutafuta nguo zangu na kwa kutojua akafunua pazia la chumba cha Mwanaidi. Aliliona umbo lile. Sijui ni ujasiri au ni mapenzi, kwani alikuwa amemlea Mwanaidi pamoja na wanawe, lakini aliuweka mkono juu ya khanga.

"Ana joto!" alipiga ukelele. "Jamani, mtoto ana joto!"

Wenzake walikuwa tayari wamekimbilia uani Mama Mkubwa alipotokea na ndoo kichwani. Aliitua taratibu, akaingia chumbani, akatoka amekumbatia kitu kilichofungwa kwa khanga, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikiweka mkekani, akafungua. Kilikuwa chungu. Alipoondoa kifuniko mvuke ulipanda hadi nyusoni mwetu.

"Huyu ndiye aliyelala," alisema. "Nakichemsha, nakifukia katika godoro la majani makavu, nakifunika mablanketi. Kinajimalizia chenyewe. Hadija, kaa ule. Asubuhi nimemwona binti yako akivuka korongo."

Bi Hadija alikaa. Alichota, akala, akachota tena.

"Yameiva," alisema hatimaye. "Kesho hatakwenda."

Moja baada ya moja, nyumba zikaacha kufuka mchana. Hadi naondoka, mgeni aliyepita pale adhuhuri angedhani watu wote wamekufa. Desturi nayo ikageuka: jirani alibisha hodi alipouona moshi wa mchana, kwa kuwa siku hizo chungu kikubwa kisichotoka motoni kilimaanisha msiba.

Sasa naishi Dodoma na kufanya kazi Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Vilima vile vya Kondoa vimeota vichaka na miti, na wasichana wa pale hawalijui korongo kama tulivyolijua. Ofisini wenzangu hulalamikia mtungi wa gesi unaoisha upesi na mkaa uliopanda bei, nami huwaeleza habari za chungu na mablanketi. Wengine wamejaribu na wamenishukuru. Nisichowaeleza ni jibu la Mama Mkubwa nilipomuuliza, nikiwa mtu mzima, kwa nini hakukifukia chungu katika tenga la majani makavu kama majirani walivyofanya baadaye. "Tenga lilikuwapo," alisema. "Lakini kitanda kile kilikuwa kimepoa mno."

Binti yangu yuko chuoni, na chungu changu hulala kitandani mwake. Nikirudi jioni nyumba haina sauti wala harufu. Huwa sifunui mara moja. Naweka mkono juu ya khanga kwanza, na kwa kitambo kidogo, kabla sijakumbuka nilichokilaza pale asubuhi, nahisi kitu kikijigeuza.